Mwalimu Pontiani Anasahihisha Sala

Siku moja baba yangu alimshukuru Mungu kwa dakika thelathini na nane juu ya sahani ya maharage. Nina hakika na hesabu hiyo kwa sababu mdogo wangu Isaka alikuwa amepata saa ya mkononi asubuhi ile, na alitafuta kitu cha kupima. Haikuwa Krismasi wala Pasaka. Ilikuwa Jumanne, na sote tulikuwa na njaa.

Sala yake ilianza na Mungu lakini haikukaa kwake sana. Baada ya sentensi mbili baba alikuwa ameshafika milimani Muhuta, anamshukuru mwanamke aliyelima yale maharage, jembe lake, na aliyelichongea mpini. Kisha alipanda minibasi pamoja na gunia, akateremka nalo barabara ya ziwani, akimshukuru dereva na breki zake. Alisimama Magara kuwashukuru wavuvi, taa zao, nyavu zao, na kina mama walioanika ndagala, dagaa wa kwetu, mchangani na kufukuza kunguru. Chumvi ilikuwa na watu wake. Kuni zilikuwa na watu wake. Kwa baba yangu chakula kilikuwa ni watu wamepanga foleni, na hakuna aliyeruhusiwa kupita bila kutajwa.

Karibu na mwisho alifika kwenye mawese, na hapo mama yangu, Agata, alifungua jicho moja. "Asante kwa nusu ya shamba la michikichi," baba alisema, "na asante kwa jirani yetu Hamidou aliye katika nusu ya pili." Jicho la mama lilibaki wazi mpaka jina la Hamidou lilipopita, ndipo likafungwa tena.

Halafu ikaja ile sentensi tuliyokuwa tunaingoja: "Na yule mama wa Kigoma. Amina." Mikono yetu ilikuwa kwenye sahani kabla Amina haijaisha.

Huyo mama wa Kigoma ndiye chanzo cha yote. Mwaka wa sabini na mbili, watu wa mji wetu, Rumonge, walipokimbia mauaji ya Burundi, baba alikuwa mtoto wa miaka kumi. Alifika Kigoma hajala siku tatu, na pale ufukoni mwanamke mmoja akampa mgebuka wa kuchoma, mzima, juu ya jani. Baba alimla samaki yule pamoja na kichwa na miiba. Alipoinua macho aseme asante, mwanamke alikuwa ameshaondoka, na hakumwona tena. Tangu siku ile baba hakuweka kitu mdomoni kabla ya kushukuru, hata karanga moja. Sisi watoto tulikuwa tunamlaumu sana yule mama. Angengoja dakika moja tu, tungekula chakula cha moto maisha yetu yote.

Nilipokuwa na miaka saba, bado tuko ukimbizini Tanzania, katika makazi ya Mishamo, niliwahi kusema katikati ya sala: "Baba, chakula kimepoa." Baba hakufungua macho.

"Kimepoa, lakini kipo," alisema, akaanza upya tangu mwanzo.

Ndiye huyo, Mwalimu Pontiani Nduwimana. Alifundisha hesabu na Kiswahili Mishamo mpaka tuliporudi Burundi mwaka 2009, akaendelea kufundisha Rumonge mpaka alipostaafu. Tuliporudi tulimkuta Hamidou katika shamba la babu. Baba yake alilinunua kwa mtu, aliyelinunua kwa mtu, na hakuna aliyekuwa mwizi katika mlolongo huo, au wote walikuwa. Watu wa tume ya ardhi walikuja na kamba, wakaligawa katikati, ukachimbwa mfereji. Baba alishukuru kwa nusu. Mama hakushukuru. Kwa miaka kumi na tano Hamidou alimwamkia ng'ambo ya mfereji, "Mwaramutse, Mama Eliana," na kwa miaka kumi na tano mama aliitikia kwa adabu zote huku akiuangalia mchikichi uliokuwa karibu na Hamidou. Mgeni angedhani anasalimiana na mti.

Eliana ni mimi. Nauza mawese sokoni, na nina hasira. Mama anasema nilizaliwa nimekunja ngumi. Nalisema mapema ili msije mkanishangaa.

Mwaka juzi sauti ya baba ilianza kukwaruza. Rumonge nzima ikawa madaktari: mama akaleta tangawizi, Hamidou akaleta asali, mchungaji akaleta mfungo wa siku tatu. Baba mwenyewe alisema ni vumbi la chaki la miaka mingi, litatoka lenyewe. Halikutoka. Bujumbura walimwingiza kitu chenye taa kooni, wakatuambia ni kansa, na kwamba imekaa palepale sauti inapotokea. Wakasema aende Mwanza akakatwe. Ataishi, walisema, ila kisanduku cha sauti kitatolewa chote na hatasema tena.

Nilimkasirikia Mungu vibaya sana. Katika soko letu kuna makoo ambayo yakizibwa mji mzima ungepumzika, na nilimtajia Mungu wawili, kwa majina na mahali meza zao zilipo. Yeye akaenda kuchagua koo lililokuwa linamshukuru. Siku hiyo niliacha kusali, na nilimwarifu kwamba nimeacha, ili asifikiri nimesahau.

Baba yeye alicheka kwa sauti yake iliyobaki. "Miaka thelathini na saba nililia nitoke Tanzania," alisema, "sasa naomba wanirudishe."

Njia ya kwenda Mwanza inapita Kigoma. Basi liliposimama pale watu wanunue chakula, baba alishuka, akaelekea moja kwa moja kwa wauza samaki. Mimi na mama tulidhani ana njaa. Tulipomfikia alikuwa ameinama mbele ya mwanamke mmoja, anamuuliza, "Samahani mama, mwaka wa sabini na mbili uliwahi kumpa mtoto samaki?"

"Sabini na mbili?" yule mwanamke akaruka. "Mimi wa themanini na moja! Huna macho wewe baba?"

Wa pili alimwita mume wake. Wa tatu alikuwa bibi mzee kweli, Bi Mwanvua, aliyekuwa anauza dagaa kwa kopo. Yeye hakukasirika. Alifikiri.

"Samaki gani?" aliuliza.

"Mgebuka, mama. Wa kuchoma. Juu ya jani."

"Basi inawezekana," alisema Bi Mwanvua. "Wakimbizi walikuwa wengi mwaka ule, na mimi nilikuwa na moyo laini. Mtoto simkumbuki, lakini migebuka niliigawa."

Baba alipiga magoti palepale kwenye magamba ya samaki, akamshukuru. Alimshukuru kwa samaki, kwa moto, kwa jani, kwa mti uliotoa jani. Dereva alipiga honi. Kondakta alikuja kutuambia kwamba basi si la ukoo wetu. Mama alikuwa analia, na mimi nilikuwa nimemshika baba shati kwa nyuma kama mtu anayemzuia mbuzi asiingie shambani kwa watu. Bi Mwanvua alisikiliza mpaka mwisho bila kuchoka, halafu akauliza, "Haya mwanangu. Na ulishiba?"

"Nilishiba, mama," alisema baba.

Hiyo ndiyo sala ndefu ya mwisho niliyoisikia kwa sauti yake. Wiki ile walimkata.

Operesheni ilikwenda vizuri. Sasa baba anapumua kwa tundu dogo chini ya shingo, ambalo akipanda ngazi linapiga mluzi. Majuma ya kwanza alilishwa kwa mpira wa puani, kisha wakajaribu mdomo, wakaona chakula kinashuka salama. Daktari alituruhusu turudi nyumbani kwa sharti moja. Baada ya majuma sita arudi kuanza mionzi, na asifike akiwa chini ya kilo hamsini, kwa sababu mwili uliokonda hauiwezi. Alitoka Mwanza akiwa na hamsini na nne. "Kazi yenu ni moja tu," daktari alisema. "Ale."

Tuliona ni kazi rahisi.

Siku ya kwanza nyumbani mama alipika maharage na ugali, ndagala pembeni, mawese yakang'aa juu. Tukakaa. Tukafumba macho. Tukangoja. Baada ya muda nilifungua macho nikaona kila mtu amefungua yake. Ndipo tulipogundua kwamba katika nyumba yenye sala ndefu kuliko zote Rumonge hakuna mtu mwingine anayejua kusali. Hatukuwahi kupata nafasi.

"Mungu asante kwa chakula amina," alisema Isaka kwa pumzi moja, akanyoosha mkono.

Baba hakugusa kitu. Alinyanyuka, akaenda chumbani, akarudi na ubao wake mdogo wa zamani na kipande cha chaki. Akaandika: 1/10. Chini yake akaongeza: *Haraka. Rudia.*

Tulicheka sana. Yeye hakucheka. Akausukuma mbali ule ugali, akakunja mikono kama mtu anayesimamia mtihani.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Chakula kisichoshukuriwa sawasawa, tena kwa sauti, baba hakukila, na alama ya kufaulu ilikuwa tano, kama shuleni. Uji aliukubali, kwa sababu kwa hesabu zake uji ulikuwa dawa, na dawa mtu hunywa akiwa amesimama. Lakini uji peke yake haujengi mtu. Nilimpigia kelele. Nilimwambia kwamba mtu anayetaka kufa kwa ajili ya sala ya maharage atazikwa na aibu yake. Akaandika: *Sauti iko vizuri. Itumie kusali.*

Mama alijaribu. Alisali kwa machozi, akamshukuru daktari, manesi, dereva, mpaka kondakta wa Kigoma. Baba akaandika 4/10, na chini: *Umeacha mtu.*

Mama akarudia, akaongeza watu wa mpakani na mwanamke aliyetuazima blanketi wodini. Nne tena. *Umeacha mtu.*

"Nimemwacha nani, Baba Eliana?" mama alifoka.

Baba aliyaangalia yale maharage yanayong'aa mawese. Mama akainuka ghafla kwenda kuchochea moto, na moto ulikuwa unawaka vizuri tu.

Kila Jumamosi tulimpeleka baba kupimwa kilo kwenye depo ya Shafii, mnunuzi wa chikichi, kwa sababu ndiyo mizani kubwa iliyo karibu. Ni mizani ya magunia ya chikichi. Baba alipanda juu yake na viatu mkononi, akasimama wima. Juma la pili mshale ulisema hamsini na mbili.

"Hamsini na mbili," alisema Shafii, akishika daftari. "Natoa kilo moja ya mayi. Hamsini na moja."

"Maji gani?" nikauliza. "Shafii, huyu ni baba yangu, si chikichi!"

"Dada Eliana, iko sheria ya depo. Kila muzigo iko na mayi ndani. Na kutoa, ni Mwalimu mwenyewe alinifundisha, kilasi ya tatu."

Nilitaka kumpiga na jiwe la mizani. Baba akaniashiria ninyamaze, akatoa ubao wake kwapani: *Yuko sahihi. Mwili una maji.* Kuanzia hapo Rumonge nzima ilijua kilo za Mwalimu baada ya kutolewa maji, na watu wakanipa pole ya kilo moja zaidi kuliko ilivyostahili.

Juma la tatu alikuja Mchungaji Lukeba na wanakwaya sita. Nilimweleza hali ilivyo, akatabasamu kama fundi aliyeitwa kubadilisha balbu. Mezani alisimama, akasali kwa sauti iliyowatoa kuku uani. Alishukuru kwa baraka zote, kwa neema zote, kwa vitu vyote na watu wote, wa nchi zote. Kwaya ikaitikia. Ilikuwa sala nzuri, mimi mwenyewe niliyeacha kusali nilisisimka kidogo mgongoni.

Baba akaandika: 3/10. *"Vyote" si jibu.*

Wanakwaya walianza kukohoa mmoja baada ya mwingine. Mchungaji aliusoma ubao mara mbili.

"Mwalimu," alisema polepole, "lakini mimi niko na diploma ya teolojia."

Baba alilifikiria hilo kwa haki. Akafuta, akaandika tatu na nusu.

Siku iliyofuata Hamidou alivuka mfereji kuja kumwona mgonjwa. Alimwamkia mama, mama akauitikia mti. Mimi wakati huo nilikuwa tayari kumwomba yeyote, hata mti wenyewe. "Baba Nadia," nikamwambia, "na wewe jaribu, tafadhali."

Hamidou hakuuliza maswali. Alinawa, akakaa, akasema Bismillahi, akainua viganja.

"Mungu, aksanti kwa haya maharage," alisema. "Muke wangu alileta juzi, dada yake alimupa kule Muhuta. Aksanti kwa maji, nimeona Isaka anachota asubuhi. Aksanti kwa haya mawese. Miti iko ya Mwalimu, mikono ilikuwa yangu. Nilikata na nikakamua wakati walikuwa Mwanza, sababu chikichi ikiiva haingoje mugonjwa apone. Amina."

Nilimgeukia mama. Mama alikuwa anatafuta kitu sakafuni ambacho hakikuwepo. Tuliporudi kutoka Mwanza niliona madumu ya mama yamejaa mawese, na nilipouliza mama alinijibu ni ya zamani, yalikuwa yamebaki. Kumbe Hamidou alivuna nusu yetu pamoja na yake, akatuletea mpaka mlangoni siku tuliyofika, mimi nikiwa nimetoka, na mama akayahamishia kwenye madumu yake mwenyewe bila kusema neno kwa mtu. Lakini Hamidou huchemsha chikichi muda mrefu kuliko sisi, na mawese yake ni mekundu zaidi. Baba hanusi tena tangu pumzi ihame puani, lakini macho anayo.

Akaandika 7/10, akala nusu sahani. Mimi nilitoka nje nikalia nyuma ya jiko. Mama pia alilia, ila nadhani sisi wawili hatukuwa tunalia jambo moja.

Basi kesho yake nilimleta Hamidou tena, mapema kabisa, nikijua tumepata dawa. Akasali vilevile, neno kwa neno. Baba: 2/10. *Hii ni kazi ya jana. Leo ni muhogo.*

Hamidou alicheka mpaka akashika nguzo. "Mwalimu, uko mukali kuliko malaika!" Lakini nilipomsindikiza mpaka mferejini alikuwa hacheki tena. "Eliana, mutoto wangu," alisema, "hii mutihani si yangu. Iko yenu."

Nilimwona Hamidou kama mtu aliyenifungia mlango usoni, nikasonya.

Jumamosi ya tano mshale ulisimama hamsini kamili. Shafii aliuangalia, akaniangalia mimi, akaangalia daftari lake. Alikuwa anatoka jasho. "Natoa..." alianza, na sauti ikamkwama. Sikumtukana. Nilikaa juu ya gunia la chikichi nikalia mbele ya wateja, mimi Eliana, ambaye soko zima linaniogopa. Zilibaki siku nane twende Mwanza. Kilo moja tu ikishuka, hata bila maji ya Shafii, daktari angeturudisha, na kansa haina subira. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa maishani, na nilikuwa nimechoka kuficha uoga kwa kelele.

Jumapili mchana tulikaa mezani sisi wanne. Maharage, ugali, ndagala, mawese. Hakuna aliyetaka kuanza. Nikasimama, sijui kwa nini nilisimama, na sikufumba macho.

"Mungu," nilisema, "hatujaongea tangu mwaka jana, na hasira yangu haijaisha. Sikushukuru kwa kansa. Mtu asije akaniambia nishukuru kwa kansa. Lakini huyu mzee hataki kula, kwa hiyo nakuja." Nikavuta pumzi. "Asante kwa haya maharage. Nimeyanunua kwa Jovita, yule mwenye jicho moja, ambaye huwa anachanganya na mawe, na leo hakuchanganya. Asante kwa ndagala alizovua Isaka."

"Si zangu," alisema Isaka.

"Nyamaza, nasali."

"Lakini si zangu! Jana sikupata kitu. Nimepewa na Faridi kule Magara, kwa ajili ya mzee."

"Faridi yupi?"

"Mwenye mtumbwi wa kijani."

"Basi Mungu, asante kwa Faridi na mtumbwi wake wa kijani."

"Injini ni ya shemeji yake," alisema Isaka, na sasa alikuwa amefumba macho kabisa. "Asante kwa shemeji yake. Na Mungu, mimi nilimdanganya Faridi mwezi uliopita kuhusu bei. Asante kwamba hajui. Au anajua na alinipa tu."

Nikaendelea. Nikashukuru kwa chumvi, kwa kuni, kwa sufuria iliyotoka nasi Mishamo. Kisha nikafika kwenye mawese, nikanyamaza. Ningeweza kulisema lile jina mimi mwenyewe. Sikulisema. Tulisikia tundu la baba likivuta hewa na kuitoa.

"Mawese ni ya Hamidou," alisema mama.

Alikuwa ameshika ukingo wa meza kwa mikono miwili. "Mungu, miti ni yetu, jasho ni lake. Niliyahamisha kwenye madumu yangu ili isijulikane. Wewe ulikuwa unaniona, na huyu mzee naye alikuwa ananiona, na mmenikalia kimya wote wawili. Asante kwa Hamidou. Asante kwa..." Akaiachia meza. "Kwa nusu yake. Na mke wake aliyeleta maharage yale ya kwanza, nikayapokea nikiangalia mti."

Baada ya hapo sala ilitushinda. Mama akamkumbuka dada wa mke wa Hamidou, Isaka akasema hapana, aliyelima ni mama mkwe, mama akamwambia usinifundishe watu wa Muhuta. Tulikuwa tunabishana mbele za Mungu kama watu wa depo, kila mtu na mtu wake wa kutaja, na mimi nilikuwa nalia na kupaza sauti kwa wakati mmoja. Nikamshukuru Shafii, ambaye jana kilo yake ya maji ilimkwama kooni. Nikashukuru kwa tundu la baba. "Ni baya," nilisema, "na linapiga mluzi kanisani, lakini baba yangu anapumua humo." Na nilipolisema hilo nilijua kuna anayenisikiliza. Siwezi kulieleza zaidi ya hapo. Nilijua tu, kama unavyojua kwamba kuna mtu ndani ya nyumba kabla hajakohoa. Hasira ilikuwepo bado, lakini haikuwa peke yake tena.

"Na Bi Mwanvua wa Kigoma," nikasema, "kama ndiye. Na kama siye, basi na yule mwingine, popote alipo, kwa sababu..."

Nikasikia kijiko.

Tuligeuka wote watatu. Baba alikuwa anakula. Amina ilikuwa haijasemwa, na hata haikuwa karibu. Alikuwa ameinamia sahani, maharage yamebaki robo, anamega ugali kwa mkono mmoja na kushika kijiko kwa mwingine, ndagala anazitafuna na vichwa vyake. Mtu ambaye tangu mwaka wa sabini na mbili hakuwahi kutia karanga mdomoni kabla ya kushukuru alikuwa na mawese kidevuni kama mtoto. Tuliogopa asije akaacha.

Akaona tunamwangalia. Akatafuna taratibu, akameza, akajifuta vidole, akachukua ubao. Aliandika kwa muda mrefu, kisha akatugeuzia. Pointi hakuandika. Aliandika: *Ndefu mno. Chakula kimepoa.*

Halafu akamnyooshea mama sahani tupu, aongezewe.

Nikaichukua mimi, nikachota maharage yaliyobaki kwenye sufuria yote, nikaiweka mbele yake.

"Kimepoa, baba," nikamwambia, "lakini kipo."